Futi Mia Nne, Kutoka Wapi?

Rukia, mjukuu wa dada yangu, anasomea urubani Nairobi. Akija Mombasa likizoni haipiti siku bila kunitembelea mtaani Kibokoni, na akifika hukaa barazani na kile kibao chake cha kioo mapajani. Ndani ya kibao mna ramani za viwanja vya ndege vya dunia nzima. Juzi aliniuliza, "Babu, zamani zenu mlitumia ramani za kampuni gani, na ipi ilikuwa bora?"

Nilicheka, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kulipwa mshahara ili nilijibu, na bado ilinichukua masika mazima na msimu wake wa upepo wa kusi. Rukia alidhani namcheka yeye. Basi kwa kumwomba radhi nikaahidi kumwandikia, yeye na nyinyi wenzake mnaoanza kazi hii. Mwenyezi Mungu amenipa umri, macho yangali yanasoma, na mtu aliyerushwa angani miaka yote ile akarudishwa salama kila mara ana deni la shukrani asiloweza kulimaliza. Kusimulia ni sehemu ya kulilipa. Mnivumilie tu nikipinda njiani. Hewani nilikuwa nikienda moja kwa moja, barazani siwezi.

Kwanza mjue ramani zenyewe zilikuwa nini. Miaka ile ya tisini hakukuwa na kioo cha kugusa. Kila uwanja ulikuwa na karatasi zake, ukubwa wa ukurasa wa kitabu: moja ya kuonyesha wapi pa kupita chini ukishatua, nyingine ya kukuongoza kuteremka wakati mvua imeziba kila kitu, ikikwambia ushike uelekeo gani na ushuke mpaka kimo gani, na ukifika kimo hicho bila kuiona njia ya kutua, upande juu ujaribu tena. Karatasi hizo zilitiwa kwenye majalada mazito yenye pete za chuma. Rubani alikwenda kazini na mkoba unaomvuta bega upande mmoja. Mpaka leo fundi wangu wa kanzu husema bega langu la kulia liko chini.

Palikuwa na kampuni mbili kubwa za ng'ambo zilizochora ramani hizo, na sisi tulikuwa na za zote mbili. Tuliziita kwa rangi ya majalada: za kahawia na za buluu. Majina ya kampuni siyataji. Mimi si dalali.

Kila baada ya majuma mawili ilikuja bahasha. Ndani yake mlikuwa na kurasa mpya, na karatasi ya maelekezo: toa ule, tia huu. Mnara umejengwa mahali, masafa ya redio yamebadilika, njia imefungwa. Kazi hiyo niliifanyia hapa hapa barazani, baada ya sala ya Alasiri, nikiwa na sinia ya shaba ya kugandamiza karatasi zisiruke. Majirani wakipita walipunguza sauti. Kumbe walidhani nasoma uradi. Mmoja alimwambia mke wangu, Bi Zena, kwamba mumewe ni mcha Mungu kweli, haachi kufungua na kufunga vitabu. Bi Zena akamjibu, "Mcha Mungu angalinisaidia kuchambua mchele."

Huyo Bi Zena ndiye aliyenifunza somo la kwanza la ramani. Kurasa za zamani nilikuwa nazitupa kwenye kikapu, na yeye akiona karatasi nyembamba safi inakwenda bure roho ilimuuma. Bila kuniambia, akawa anampa muuza viazi karai vya kukaanga. Jioni moja tuko ufukweni Mama Ngina na watoto, nikanunua viazi, nikapewa vimefungwa kwenye ramani ya kuteremkia uwanja mmoja wa Bara Arabu. Nilisimama pale chini ya taa nikiisoma ramani huku ukwaju ukinichuruzika mkononi. Mke wangu aliniangalia akasema, "Basi hiyo imefanya kazi yake mara mbili. Wewe je?"

Tulicheka, lakini usiku nikawaza. Ukurasa uliokufa unafanana kabisa na ulio hai. Ukiokotwa chini na mtu mwema akaurudisha jaladani, utamdanganya rubani kwa upole mkubwa. Tangu siku hiyo kila ukurasa niliouondoa niliupasua katikati kabla haujaniondoka mkononi, na kila kijana niliyemfunza nilimwambia afanye hivyo. Nyinyi hamna karatasi za kupasua. Lakini kibao kisichopokea mapya yake nacho ni ukurasa uliokufa, na hakinuki viazi ukatambua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Shirika letu lilikuwa dogo, lenye ndege chache, makao yake Mombasa. Tulikwenda Nairobi, Malindi, Lamu, Zanzibar, Dar es Salaam, na msimu wa watalii tulikwenda popote tulipokodiwa. Mwaka mmoja wakuu wa ofisi waliona haifai kununua ramani za kampuni mbili. Wakaamua ibaki moja. Wakanipa mimi kazi ya kuzilinganisha, kisha niandike ipi ichukuliwe. Walinichagua mimi kwa kuwa nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Na wakaongeza sharti: ramani zikishachaguliwa, kila rubani atafanyiwa mtihani wa kuruka kwa ramani hizo, na atakayeshindwa atakaa chini.

Maneno hayo ya mwisho kila mtu aliyajua yanamwangalia nani. Yalimwangalia Kapteni Karisa.

Karisa alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo asiyekosa kanisa Jumapili akiwa nyumbani, na ndiye aliyenilea katika kazi hii. Alikuwa mrefu, mpole, na sijapata kumwona akikimbia. Siku zangu za mwanzo nilikuwa nikichelewa natimua mbio kuelekea ndege, naye hunifuata kwa mwendo wake, akifika huniuliza, "Haya, Ustadh, umesahau nini?" Na kila mara nilikuwa nimesahau kitu. Ustadh ndilo jina alilonipa, kwa sababu alisikia nimesoma chuo cha Qur'ani miaka mingi.

Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na maisha yake yote ya kazi alikuwa akitumia za kahawia. Aliweza kufungua jalada gizani akakuwekea kidole kwenye masafa ya mnara wa Zanzibar. Vijana ofisini walimtania kuwa akipewa za buluu atatua Mtwapa, kusiko na uwanja. Yeye hucheka nao. Lakini siku moja tukiwa wawili aliniambia, bila mzaha, "Ustadh, mimi si mtu wa kukaa chini. Nikikaa chini nitakufa." Akaongeza kuwa haniombi lolote, ananiambia tu.

Basi ndiyo mizani niliyopewa. Upande mmoja ukweli wa karatasi, upande wa pili mwalimu wangu.

Nilianza kulinganisha, na nakiri kwamba niliona raha. Mnajua, wanangu, kampuni zote mbili zilichukua habari zake mahali pamoja, kwa serikali ya kila nchi. Zilikuwa kama wapokezi wawili wa habari moja. Wote wakweli, wote waaminifu, lakini kila mmoja anaanza hadithi pake na kukazia analoliona kubwa. Ukiwasikiliza mbio mbio utadhani wanapingana.

Za kahawia zilikuwa na herufi nene na karatasi nzito, kila kitu kwa wino mmoja. Hata ndege ikitikisika ulisoma. Za buluu zilikuwa na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, lakini milima ilitiwa rangi, kadiri kilima kinavyopanda ndivyo rangi inavyokoza. Ukiangalia Milima ya Shimba kwenye za kahawia uliona nambari. Kwenye za buluu uliona kilima. Za kahawia zilikuachia hesabu za ndege yako uzifanye mwenyewe, za buluu zilikupa jibu limepikwa tayari. Nilijiuliza sana ipi ni bora: chakula unachojipikia unajua kilichomo, lakini njaa ikikukuta juu ya Voi na dhoruba mbele, hutaki kuambiwa ukatafute kuni.

Nikakuta jambo la ajabu. Ramani ya buluu ya Mombasa ilionyesha mlingoti mmoja wa redio hapa kisiwani, na ya kahawia haikuuonyesha. Mmoja wao, nikasema, anaongopa. Nikachukua zote mbili nikapanda Ngome ya Yesu, nikasimama juu ya ukuta nikizigeuza huku na huku kutafuta mlingoti. Akanijia kijana mmoja wa kutembeza wageni, akasimama pembeni yangu kwa adabu, akanipa shikamoo, kisha akauliza, "Mzee, na hapa pia pameuzwa?" Maana miaka ile ukimwona mtu na karatasi akipima kwa macho uwanja wa umma, ulijua ua wa mnunuzi unakuja. Nikamwambia natafuta mlingoti. Akasema milingoti haiuzwi sana, akaniacha.

Mlingoti niliuona. Lakini nilipowaandikia watu wa kahawia, walinijibu vizuri: wao huonyesha vilivyopita kimo fulani tu, na huo haukufika. Hawakuongopa. Walikuwa na kanuni yao ya kunyamaza. Nikajifunza kuwa kabla hujaisoma ramani, sharti ujue imeamua kunyamaza wapi.

Jambo la pili halikuwa na udhuru. Bahasha za kahawia zilikuwa zinachelewa. Mara mbili nilikuta masafa ya redio yamekwisha badilishwa, watu wa buluu wanayo mapya, sisi tukisoma za kahawia tungali tunaita kwenye masafa yasiyo na mtu. Nikaanza kuuona mwisho wa barua yangu, na sikuupenda.

Ili kila rubani azoee, ofisi iliagiza wakati ule wa majaribio turuke na za buluu mbele yetu, na za kahawia zikae mkobani. Ndipo ikaja siku yenyewe.

Tulikuwa tunatoka Nairobi mchana kurudi Mombasa, Karisa akirusha, mimi nikiwa upande wa kulia nikimsomea. Ndege imejaa, watalii na wafanyabiashara wanaorudi nyumbani. Masika yalikuwa yameshika, na upepo wa kusi ulitulazimisha kuzunguka na kutua tukitokea upande wa kaskazini mashariki. Upande huo hapakuwa na mitambo ya kukuteremsha kama mtu aliyeshikwa mkono. Unashuka mwenyewe mpaka kimo ulichoambiwa, unanyooka hapo, unaisaka njia kwa macho.

Kufikia hapa niwaeleze jambo moja, mlishike. Saa ya kimo tuliipanga ituhesabie kutoka usawa wa bahari. Uwanja wetu uko juu ya bahari kiasi cha futi mia mbili tu. Kwa hiyo kimo cha mwisho cha kushukia unaweza kukitaja namna mbili: futi mia sita na kitu kutoka baharini, au futi mia nne na kitu kutoka kwenye njia ya ndege. Ni mahali pamoja hewani. Ramani zote mbili ziliandika nambari zote mbili. Tofauti ni kwamba za kahawia zilitanguliza ile ya bahari, kwa herufi kubwa, na za buluu zilitanguliza ile ya njia, ya bahari ikafuata chini yake, ndogo.

Ukichukua nambari ya njia ukadhani ni ya bahari, Mombasa utashuka futi mia mbili kupita kiasi. Kosa hilo Nairobi halimpati mtu. Nairobi uwanja uko juu zaidi ya futi elfu tano. Ukichanganya nambari hizo mbili, nambari yenyewe itapiga kelele. Malindi na Lamu viwanja viko chini sana, hata ukichanganya hakuna tofauti ya maana. Mombasa ndipo kosa linaponong'ona. Na ni nani asomaye ramani ya Mombasa? Sisi watu wa hapa tulikuwa tunaitupia jicho tu, kama mtu anavyotupia jicho mlango wa nyumba yake.

Karisa aliitupia jicho. Akaanza kushuka. Mvua ilikuwa ikipiga kioo kama mchanga. Nikawa naangalia saa ya kimo, elfu moja, mia nane, mia saba. Mkono wake haukuonyesha dalili ya kusimama.

Nikamwambia, "Kapteni, mia sita."

"Bado, Ustadh. Mia nne."

Sauti yake ilikuwa shwari, sauti ya mtu anayejua. Ndiyo iliyonitisha. Kama angalisita ningalimsahihisha, lakini aliposema vile kwa uhakika, hata mimi kwa kitambo kidogo nikajishuku. Sikumwambia amekosea. Lililonitoka lilikuwa swali.

"Mia nne kutoka wapi?"

Alisukuma injini mbele, pua ya ndege ikapanda, na kabla hatujazama winguni tena nikaona, kwenye mpasuko wa mvua, vichwa vya minazi karibu kuliko ninavyopenda kuwaambia. Tulizunguka juu ya bahari, tukarudi, tukashuka mpaka mia sita na kitu, tukanyooka, na njia ikatokea mbele yetu inameta maji. Tukatua. Abiria wakapiga makofi. Mimi ulimi wangu ulikuwa ukitaja jina la Mola wangu bila kuamrishwa.

Baada ya abiria kushuka, Karisa hakuondoka kitini. Alitoa jalada la kahawia mkobani, akaliweka paja moja, la buluu paja la pili, akaziangalia ramani mbili za Mombasa muda mrefu.

"Ni mahali pamoja," akasema. "Nambari iko mahali pale pale pa karatasi. Jicho langu lilikwenda pale, likachukua lilichokikuta."

Siku hiyo hiyo aliandika ripoti kwa mkono wake, akaitia sahihi, akaipeleka mwenyewe. Na kesho yake Alasiri akaja hapa barazani. Bi Zena alimletea kahawa na halua, naye hakuigusa halua, jambo ambalo halijapata kutokea.

Akaniambia ataomba apumzishwe mapema. Akasema ni bora aondoke kwa miguu yake kuliko kukalishwa. Kisha akasema lile nililokuwa nalihofia: "Najua barua yako yaelekea wapi, Ustadh. Wapenda za buluu, na wanionea haya mimi. Usinionee. Mimi nimebakiza kidogo. Wale vijana wamebakiza maisha. Andika kwa ajili yao."

Basi nikamsimulia kisa.

Utotoni, chuoni kwetu hapa Kibokoni, nilikuwa na binamu yangu Abdalla aliyetushinda sote kwa kuhifadhi Qur'ani. Msahafu aliohifadhia ulikuwa wa chapa ya Hindi, mkuukuu, kurasa zinamwagika. Siku moja mwalimu wetu akaletewa zawadi ya msahafu mpya, chapa ya Misri, akampa Abdalla ausome. Abdalla yule aliyekuwa akisoma kama maji, akakwama. Maneno yalikuwa yale yale, herufi kwa herufi, lakini mistari ilikuwa imekatwa kwingine. Jicho lake lilikwenda juu kushoto kutafuta aya, likakuta nyingine. Mwalimu akaufunga msahafu, akamwambia asome kwa moyo. Akasoma bila kukosea. Akaufungua tena, akakwama tena. Sisi tukaanza kucheka.

Mwalimu akatunyamazisha. Akamwambia Abdalla, "Macho yako yamehifadhi karatasi." Kisha akampa kijiti, kile kijiti wanachofuatishia herufi watoto wa alifu na bee. Abdalla, na ukubwa wake, akatakiwa afuate herufi moja moja kama aliyeanza jana. Aliona haya mpaka machozi. Mwalimu akasema msomaji anayeona haya kurudi kwenye kijiti hajawa msomaji bado.

Karisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ikawaje, huyo Abdalla?"

Nikamwambia alikuja kutusalisha tarawehe za Ramadhani miaka mingi, na msahafu wowote umpao, chapa yoyote, alikuwa hana shida nao.

Akauliza tena, "Kijiti chenyewe kilikuwa cha nini?"

Niliinuka nikachomoa njiti moja ya chelewa kwenye ufagio wa Bi Zena, nikampa. Bi Zena aliona, akasema atanihesabia. Karisa akafungua jalada la buluu, ukurasa wa Mombasa, akaweka ncha ya njiti kwenye nambari ya kwanza, akasoma kwa sauti kama mtoto wa chuoni: "Mia nne na kitu. Kutoka kwenye njia." Akateremsha njiti. "Mia sita na kitu. Kutoka baharini." Kisha akala halua.

Barua niliiandika juma lile. Nilisema zichukuliwe za buluu, kwa sababu habari iliyochelewa ni mbaya kuliko habari iliyopangwa vingine. Nikaweka masharti mawili. Kwanza, siku za buluu zitakapoingia, za kahawia zitoke zote siku hiyo hiyo, zisibaki hata mkobani mwa mtu. Maana niliona wazi kwamba kila jalada peke yake ni salama, hatari imekaa katikati yao, kwa mtu anayesoma moja kwa jicho la jingine. Pili, pasitajwe nambari ya kimo katika ndege zetu bila kusemwa inahesabiwa kutoka wapi. Wakuu wakakubali yote. La mtihani nalo wakalishikilia.

Kwa hiyo Karisa akawa mwanafunzi wangu. Kila alipokuwa hana safari, Alasiri alikuja Kibokoni, akakaa hapa na jalada lake na njiti yake, akisoma viwanja kwa sauti, kimoja baada ya kimoja. Watu wakitoka msikitini humwona mtu wa Rabai anafuata mistari kwa kijiti, mimi kando yake. Mzee mmoja wa mtaa akashindwa kuvumilia.

"Kapteni, ndiyo umesilimu?"

"Bado niko juzuu ya kwanza," Karisa akamjibu bila kuinua kichwa.

Kuna siku aligombana na karatasi zile mpaka akataka kuzirusha. Jicho la miaka mingi halifutiki kwa juma moja, lilimrudisha mahali pa zamani tena na tena. Hapo ndipo nilipoujua ukubwa wake. Hakuna aliyemlazimisha kuja. Alikuja, akakosea mbele yangu mimi mwanafunzi wake, akarudi na kijiti mwanzo wa mstari.

Siku ya mtihani mimi ndiye niliyekaa kulia. Mtahini alikaa nyuma yetu, mtu mkavu wa maneno, kutoka nje ya shirika. Alimfunikia Karisa kioo cha mbele asione nje, akamzungusha, akajifanya injini moja imeharibika, akamshusha viwanja viwili. Karisa alikwenda kwa mwendo wake ule ule, njiti mkononi, kila nambari akiitaja na inakohesabiwa. Mwisho tukarudi Mombasa. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Mtahini akaondoa kile kifuniko, akasema sasa tutue tu, kazi imekwisha. Njia ya ndege ilikuwa imelala mbele yetu, ndefu, unaiona yote.

Karisa akachukua njiti. Akaiweka kwenye ukurasa wa Mombasa, akaanza kusoma kwa sauti.

Mtahini akainama mbele. "Kapteni, uwanja si huo hapo? Wasoma nini tena?"

"Huu ndio nisomao zaidi ya vyote," Karisa akasema. "Huu naujua."

Tukatua. Chini, mtahini alitia sahihi karatasi yake, akampa Karisa mkono, kisha akamwomba amwonyeshe ile njiti. Karisa aliruka mpaka siku yake ya kustaafu, na ofisi ilipotafuta mtu wa kuwazoesha vijana ramani mpya walimpa yeye, maana hakuna aliyejua vizuri kama yeye mahali jicho linapoteleza. Amekwisha tangulia sasa, Mungu amrehemu, na kwao Rabai nilikwenda kumzika.

Rukia, nilipomaliza kukusimulia haya kwa mdomo ulisema, kwa adabu, kwamba kibao chako hakina matatizo hayo, kina kampuni moja tu. Nikakuomba unifungulie ramani ya Mombasa. Ukaifungua kwa kidole kimoja, haraka, ukanionyesha nambari ya kimo.

Nikakuuliza, "Hiyo kutoka wapi?"

Ukakiinua kibao karibu na uso. Kahawa yangu ilikuwa ingali moto, na mimi sina pa kwenda siku hizi, nikakungoja usome.